Tukivuka Bigwa, Cheo Kinabaki Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa usukani. Nilifika yadi ya barabara pale Morogoro asubuhi na mapema, shati limepigwa pasi mpaka kola inanikwaruza shingo, leseni mfukoni, najiona dereva kamili. Msimamizi wa Karakana, mtu mnene aliyekunywa chai kwa kikombe cha bati, aliitazama ile leseni, akanirudishia.

"Hii inasema unajua kuendesha gari," alisema. "Haisemi kama unaijua barabara. Panda upande wa abiria."

Basi msimu mzima wa masika nilikaa kushoto kwa dereva mzee, mikono mapajani kama bwana harusi, nikitazama barabara. Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa nimetoka Tabora kwa treni nikiwa nimewaaga watu kwa majivuno, na sasa nabebwa kama gunia. Lakini ndipo nilipojifunza kwamba barabara ya changarawe ina mgongo. Katikati inanyanyuliwa kidogo ili maji yateremkie pembeni, kwenye mitaro. Mgongo ukilala maji yanatuama, na yakituama, barabara imekwisha. Nilijifunza kalvati, lile bomba la zege linalopitisha kijito chini ya barabara. Nilijifunza drifti, pale tunapoyaacha maji yapite juu na kumwaga zege chini, ili magari yavuke mto ukiwa mdogo na yasubiri ukiwa mkubwa. Ninyi mliozoea lami mnadhani barabara ni kitu kilichokaa. Ya changarawe haikai. Kila mvua inaondoka nayo kidogo.

Nilipopewa usukani nikapelekwa Kilosa, chini ya Fundi Mkuu ambaye hakupenda kelele. Gari likigonga shimo alikuwa hasemi kitu, anakutazama tu mpaka unajisikia wewe ndiye uliyelichimba. Kisha Mahenge, kwa Mhandisi wa Wilaya aliyeimba nyimbo za kanisani kila tulipoteremka mlima. Siku moja nilimuuliza kwa nini haimbi tukipanda. "Tukipanda namtegemea dereva," alinijibu. Hao wote walikuwa wakubwa wazuri na niliwaheshimu. Lakini kazi yangu hasa, ile ninayoiota mpaka leo usingizini, ilianza niliporudishwa Morogoro kumwendesha Mkaguzi wa Barabara.

Mkaguzi alikuwa Mluguru wa Matombo, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya kitambaa aliyoivua tu mbele ya padri. Kila masika ikimalizika tuliianza ziara ya barabara ya Kisaki, kuona mvua imechukua nini na imeacha nini. Na alikuwa na namna yake ya kukagua ambayo sijaiona kwa mwingine. Alikuwa anafumba macho.

"Mihayo," ataniambia, "nenda polepole nisikie."

Anaegemeza kichwa kwenye kiti, kofia usoni, unadhani kalala. Gari linatambaa. Halafu ghafla, bila kufumbua, anainua kidole: "Hapa. Mgongo umelala." Nashuka, natazama, kweli, maji yametuama. Tunaendelea. "Hapa. Kalvati limezama upande mmoja." Nashuka tena. Macho, alisema, yanadanganywa na jua na vivuli, lakini kiuno hakidanganyiki. Nami kwa kumwendesha taratibu namna ile, saa hadi saa, nikawa kama mtu anayeendesha ndani ya usingizi wa mwenzake.

Sasa niwaeleze jambo lingine, maana bila hilo hamtaelewa. Mimi ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Wanasema utani huo ulianza enzi za misafara, babu zetu walipopita nchi hii na mizigo kichwani kwenda pwani, wakilala kwa hawa, wakila kwa hawa, wakigombana na kupatana nao. Mtani anaruhusiwa asiyoruhusiwa ndugu. Atakutukana na utacheka. Atachukua jogoo wako mbele ya macho yako. Atakukamata akufunge kamba, mpaka ndugu zako wakukomboe kwa kuku. Msibani atavaa koti la marehemu na kutembea kama marehemu mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, aibu ni yako.

Mkaguzi aliniwekea sheria siku ya kwanza. "Ofisini mimi ni mkubwa wako. Tukivuka Bigwa, cheo kinabaki nyuma."

Bigwa ndipo mji unapoishia na barabara ya milimani inapoanzia. Kabla ya Bigwa nilikuwa nikisema "ndiyo mzee". Tukishavuka, namwambia, "Wewe Mluguru, nyie mnalima wima. Jembe likikuponyoka huku juu linaokotwa Ruvu." Naye chini ya kofia anajibu, "Babu yako alipita hapa na pembe ya ndovu kichwani. Wewe umepewa usukani na bado unalalamika. Endesha, mpagazi."

Basi tunakwenda. Kiroka inatupokea na migomba yake, majani mapana yanayodondosha maji ingawa mvua ilikatika tangu jana. Mkuyuni mdalasini umeanikwa kwenye mikeka kando ya barabara na harufu yake inaingia ndani ya gari kabla hujauona. Wanawake wanateremka na mananasi kichwani, wanatusalimia bila kugeuza shingo. Ukungu unakaa bondeni mpaka jua linapopanda, na ndani ya ukungu unasikia mtu akipasua kuni, humwoni. Mbele kidogo kanisa la misheni ya Matombo linaanza kutokea. Barabara ikipinda linakuwa kushoto, ikipinda tena linakuwa kulia, halafu linapotea kabisa, halafu lile pale tena, kubwa, la zamani, limetulia juu ya kilima. Mwaka wa kwanza nilikuwa sijui kama tunalifuata au linatufuata. Baadaye unateremka Mvuha kwenye joto, unapita uwanda wa Dutumi ambako misafara ilikuwa ikipumzika, mpaka Kisaki yenye nyumba zake kuukuu na stesheni yake. Ningeweza kuizunguka ile njia maisha yangu yote, na kwa kweli niliizunguka.

Lakini nikaanza kugundua kitu. Kati ya Mkuyuni na Matombo, kabla ya njia ndogo inayopanda kijijini kwao Mkaguzi, kuna kalvati moja kwenye kijito chenye mawe. Kila tulipolikaribia, Mkaguzi alifumbua macho. Anakaa wima, anaanza kuzungumza kwa sauti kubwa, habari za bei ya saruji, habari za mpira, chochote, mpaka tumevuka na tumeipita ile njia ndogo. Kisha anafumba tena. Njia ile hatukuwahi kuipanda. Tulilala Kisaki, tulikula Mvuha, tulisali Matombo misheni, lakini kwa dada yake, aliyekaa karibu kiasi cha kuona moshi wa jiko lake, hatukuwahi kufika. Nilimtania kwa kila kitu duniani ila hilo. Hata mtani anaona pale penye kidonda.

Jumapili moja, nikiwa karibu kustaafu, msichana alikuja nyumbani kwangu Msamvu. Alikuwa amevaa sare ya nesi na viatu ameshika mkononi kwa sababu ya tope.

"Shikamoo babu Mnyamwezi."

"Marahaba. Nani kakuruhusu mwana wa Kiluguru kuingia kwa watu bila kubisha hodi?"

"Mlango wenu umelegea kama nyie wenyewe," akasema, akakaa. Nikajua ni mtani wa kweli. Akaniambia jina lake ni Skola, na kwamba Mkaguzi ni mjomba wake.

Alinieleza shida yake bila kuzunguka. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi Mvuha aliyetaka kumwoa, na yeye alimtaka pia, alisema hivyo wazi na kuinamisha uso. Posa ililetwa kwa mama yake. Lakini kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Posa haipokelewi asipokuwepo. Mama yake alikuwa na kaka mmoja tu, na kaka huyo ndiye Mkaguzi. Mshenga alikuja, akaambiwa asubiri. Akaja tena, akaambiwa asubiri. Sasa mwalimu amepata uhamisho wa mbali, na wazee wake wameanza kusema labda huko aendako kuna wasichana wenye wajomba.

"Nimekwenda ofisini kwake," Skola alisema. "Ameniambia, 'Waliomzika mama yangu bila mimi ndio wakuozeshe.'"

"Na mama yako anasemaje?"

"Anasema maiti ilisubiri mpaka haikuwezekana kusubiri. Anasema mwenye mama hakuja, na hakuleta hata neno. Hawajazungumza tangu bibi alipozikwa. Sisi ndugu tumeshindwa, babu. Padri ameshindwa. Wewe ni mtani."

Sikumwahidi kitu. Nilimpa chai, akanywa, akaenda zake. Lakini usingizi ulinipaa, maana alikuwa amesema kweli. Mambo yanayowashinda ndugu, kwetu sisi, anapelekewa mtani.

Ziara yetu iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho kwangu. Tulivuka Bigwa kukiwa na manyunyu, yale yasiyolowesha kitu ila yanafanya milima ionekane kama imechorwa na mtu aliyesinzia. Nilimtania kidogo, akanijibu kidogo. Kiroka, Mkuyuni, mdalasini. Alifumba macho, akainua kidole mara mbili tatu, nikashuka, nikapanda. Kisha nikamwona anakaa wima, anavuta pumzi ili aanze habari za saruji.

Nilisimamisha gari katikati ya kalvati. Nikazima injini, nikatia ufunguo mfukoni, nikashuka na kwenda kukaa juu ya ukuta mdogo wa kalvati, miguu ikining'inia upande wa maji.

"Mihayo, gari lina nini?"

"Gari zima."

"Basi twende."

"Haliendi. Mimi sasa hivi si dereva. Ni mtani wako, na nimekukamata."

Alidhani ni mzaha. Alipoona sio, akateremka, mrefu vile, kofia kichwani. Akaniambia atanishtaki kwa wakubwa. Nikamwambia ashtaki tu, lakini cheo chake kipo Bigwa na kukifuata itabidi atembee kwa miguu. Lori la ndizi likaja nyuma yetu likapiga honi. Dereva wake akauliza kuna nini, nikamwambia nimemkamata Mluguru. Akacheka, akazima injini yake, akalala kwenye usukani kusubiri. Huko mtu akisikia ni mambo ya watani haulizi zaidi.

Mkaguzi akatazama lori, akatazama kijito, akaja akakaa kando yangu. Nilikuwa nampenda yule mtu, na nilijua naweza kumpoteza pale pale.

"Kalvati la zamani la hapa nililipitisha mimi," alisema. "Si hili unaloliona. La kabla yake. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo juzi. Wazee wa hapa waliniambia bomba ni dogo, huu mto ukikasirika hautatosha. Nikawaambia nimepiga hesabu. Nikasaini."

Kisha akasimulia. Habari za msiba zilimkuta mjini, mvua ikiwa haijakatika kwa siku nyingi. Akaja usiku na mchana kwa lori, kisha kwa miguu, akafika hapa. Kalvati halipo. Barabara imekatwa kama mkate na mto umejaa unabeba migomba mizima. Upande wa pili, juu kule, alikuwa mama yake. Ukungu ulikuwa mzito, hakuna aliyemwona wala aliyesikia akiita. Alisimama hapo. Halafu akasikia kengele ya misheni ikianza kupigwa.

"Niliisikiliza mpaka ikanyamaza," alisema. "Kesho yake maji yalipungua. Ningeweza kuvuka. Lakini ningeingia nyumbani nikiwa nani? Kila mtu alijua nani alisaini. Nikageuza."

"Na dada yako hajui kama ulifika."

"Nani angemwambia?"

Miaka yote ile nilidhani amekasirikia dada yake. Nadhani naye alijitahidi kuamini hivyo, kwa sababu hasira unaweza kuitembeza mbele za watu ukiwa umenyoosha shingo, aibu huwezi. Nikaingia kwenye gari, nikatoa kamba ya kuvutia magari, nikamfunga mkono kwa upole, fundo legevu hata mtoto angelifungua. Hakubisha. Akapanda mwenyewe. Nikamwashia mwenye lori taa kumshukuru, nikakata kona kwenye ile njia ndogo, gia ya kwanza, tukapanda.

Mama Skola alikuwa uani anamenya magimbi. Alikuwa mrefu kama kaka yake, na akiinua uso ungedhani Mkaguzi kavaa khanga. Hakusimama. Skola alitoka ndani, akaona kamba, akaziba mdomo kwa mkono.

"Hodi wenyewe," nilisema kwa sauti ya mtani. "Nimemkamata huyu kwenye kalvati lake. Anasema ana ndugu hapa. Mkomboeni, au naondoka naye Tabora akabebe mizigo."

"Huyo simjui," Mama Skola alisema, akaendelea kumenya.

Kisu kikawa kinapita kwenye gimbi, maganda yanadondoka. Skola alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Posa yote, mwalimu, uhamisho, vilikuwa vimesimama pale uani na hakuna wa kuvisogeza. Mimi nilishamaliza uwezo wangu. Mtani anaweza kumleta mtu mpaka mlangoni. Hawezi kumsemea.

Ndipo Mkaguzi alipozungumza. Alizungumza Kiluguru, polepole, na mimi baada ya miaka yote ile nilikuwa naelewa vya kutosha. Alimweleza bomba lililokuwa dogo na wazee waliomwonya. Alimweleza mto. Hakujitetea popote. Alipofika kwenye kengele akakaa chini kwenye udongo, na kamba yake mkononi.

Mama Skola aliacha kumenya.

"Ulisimama upande gani?" aliuliza.

"Upande wa Mkuyuni. Penye lile jiwe kubwa."

"Mimi ndiye niliyemwambia katekista apige kengele sana," alisema. "Aliniuliza kwa nini, nikamwambia, labda kaka yuko njiani, asikie ajue tumefika wapi."

Yule mama aliinuka, akapangusa mikono, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mkeka mpya uliokunjwa. Akautandika barazani, upande wa kulia wa mlango, mahali ambapo mjomba hukaa wageni wa posa wanapokuja. Kisha akaenda nyuma ya nyumba tukasikia vurugu, akarudi ameshika kuku mwekundu kwa mabawa, akanikabidhi mimi.

"Mtani, chukua kuku wako," alisema. "Nifungulie ndugu yangu."

Fundo nililolifunga mwenyewe lilinishinda kufungua, macho yalikuwa yamejaa maji. Skola ndiye aliyelifungua.

Posa ilipokelewa juma lile lile, na Mkaguzi alikuwa mkali kwa washenga kupita kiasi, kama wajomba wote wanavyopaswa kuwa. Harusi ilifungwa misheni. Nilikwenda nimevaa kofia yake nikitembea kwa kuinua kidole kila hatua na kusema "hapa, mgongo umelala", na kanisa zima likajua ni nani ninayemwiga. Muda si mrefu nikastaafu. Yeye alinifuata baadaye, akajenga nyumba ndogo palepale uani kwa dada yake.

Siku hizi sina gari. Barabara ya Kisaki inawekwa lami kidogokidogo, na vijana wanaoendesha huko wanapita kwa kasi ambayo hakuna kitu kinachoweza kusikika. Siwalaumu. Wana abiria, wana ratiba, na mimi nilikuwa na mtu aliyefumba macho. Mkiniuliza nilijifunza nini katika kazi, nitawaambia mambo ya mitaro na migongo, maana hayo ndiyo niliyolipwa kuyajua. Lakini nikikaa peke yangu mchana, usingizi ukinichukua kitini, huwa najikuta naendesha tena kwenye ukungu ule, na kanisa liko kushoto, kisha kulia, na sina haraka ya kufika.

Watoto wangu wananiambia nirudi Tabora, mtu mzima afe kwao. Mwaka huu nilipanda basi kwenda Matombo kuwasalimia watani, na nikawaeleza jambo hilo tukiwa tunakunywa togwa. Nilisema labda ni kweli, nitarudi, nisije nikawafia mikononi wakapata taabu, ndugu zangu wote wako mbali.

Mkaguzi alianza kunitania kwamba huko Tabora hakuna hata kilima cha kuegemea. Dada yake hakucheka. Aliweka kibuyu chini, akanitazama.

"Kaa tu, mtani," alisema. "Wewe ukitangulia, tutawasubiri ndugu zako. Hata mvua ikinyesha namna gani, tutasubiri."